Matope ya Tangi Letu

Mwanangu hufanya kazi ya kuchunguza matope yanayochimbuliwa chini ya bahari. Krismasi iliyopita alikuja nyumbani Kalimoni, akanionyesha kwenye simu picha ya matope hayo, yamelaliana tabaka juu ya tabaka. Moja lilikuwa nene kuliko mengine yote.

“Hapa ardhi ilitetemeka, Mami. Matope yakaporomoka, yakatulia. Yako hivyo tangu zamani.”

Alipokuwa darasa la tatu, asubuhi moja maji ya tangi letu la mvua yalitoka mekundu kwa matope, yakaharibu nguo zangu nyeupe za kanisa kwenye karai. Nilijua tu ni yeye ameyakoroga. Alilia kwamba hakugusa tangi, nikamchapa zaidi kwa kunidanganya. Jioni redio ikatangaza kwamba alfajiri ile kulikuwa na tetemeko. Niliizima haraka.

Tangu siku hiyo, kila nikifungua mfereji maji yakatoka machafu kidogo, nasikia kile kilio.

Nilimuuliza, kama mtu asiyejua lolote, ni nini kilimvutia kwenye kazi hii. Akaweka simu mfukoni.

“Ile redio niliisikia, Mami.”