Pembe Kumi na Mbili Kibanjani

Mimi na mume wangu tunatengeneza mvinyo wa ndizi wenye mapovu, hapa Isingiro, kwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na baba yake. Shambani hatupigi dawa, na kwenye mvinyo hatuongezi kitu. Tunavundika ndizi za pombe shimoni, tunazikamua kwa nyasi, juisi inachachuka yenyewe. Kabla haijamaliza kuchachuka tunaifunga kwenye chupa nene, na humo ndimo mapovu yanamojitengeneza.

Hayo yote watu waliyazoea. Kilichowashinda ni pembe.

Mwalimu wa kilimo alitufundisha kujaza samadi mbichi kwenye pembe za ng'ombe, kuzizika msimu wa mvua, kisha kuifukua samadi ile, kuikoroga majini na kuinyunyiza kwenye migomba. Nilimuuliza kwa nini pembe na si kopo. Akaniambia nijaribu kwanza. Tulijaribu upande mmoja, udongo ukawa mweusi na laini, na mwaka uliofuata tukachukua pembe kumi na mbili machinjioni.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alitukuta tukizizika. Jumapili kanisani wanawake wenzangu wa kwaya waliacha nafasi pande zangu zote mbili. Jumanne alasiri shemeji alikuja na mzee wa kanisa.

"Mama, tumesikia mmezika vitu," mzee alisema baada ya salamu.

"Ni kweli. Pembe kumi na mbili."

"Unamsikia?" shemeji alisema. "Pembe huzikwa na waganga. Zifukueni leo mzichome, yaishe."

Mume wangu aliangalia chini. Hajawahi kumpinga kaka yake, na nilijua angekubali. Mimi pia niliogopa. Mke akishasemwa kwa uchawi, kurudishwa kwao ni jambo la siku chache, na kijijini kwetu Ndama wazazi wangu hawapo tena. Lakini nilikuwa nimejaza pembe zile kwa mikono yangu, na sikuona aibu yoyote.

"Hatuzichomi," nilisema. "Muda wake bado, ila nitafukua moja mbele yenu. Mkikuta humo kitu kingine zaidi ya mavi ya ng'ombe, nitazichoma zote mwenyewe."

Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Aliweka kisu chini, akaingia ndani, akanitolea jembe.

Nilifukua, nikaigonga pembe kwenye jiwe. Samadi ilitoka, nusu imegeuka udongo, nusu bado ya kijani na inanuka. Nikamnyooshea mzee kiganja chenye samadi. Yeye ni mfugaji, aliifikicha, akanusa.

"Ni mavi," alisema.

"Na wewe shika, shemeji. Umenisema kwa watu kwa ajili ya kitu hiki."

Alirudi nyuma. Mama yake akamwambia, "Shika." Akagusa kwa kidole kimoja.

Mzee alijifuta mikono kwenye nyasi. "Hata hivyo mama, watu wanasema. Kwa ajili ya amani, acheni tu."

"Nikiacha, mzee, nitakuwa nimekubali. Waambie ulichoshika."

Hakuwaambia, au kama aliwaambia sikusikia. Waliondoka bila kuaga vizuri. Niliijaza upya ile pembe nikaizika palepale.

Mvinyo wa mwaka ule ulipasua chupa kadhaa, uliobaki ukatulia vizuri. Kwenye kwaya wengi walirudi kukaa karibu nami, mmoja mmoja. Wawili hawajarudi hadi leo, nami siwafuati. Shemeji hupita njia ya mzunguko asikanyage kibanja chetu.

Msimu huu mume wangu alichukua jembe mwenyewe. Alichimba kando ya njia, Jumapili, watu wakitoka ibadani, naye akamwitikia salamu kila aliyepita, bila kuificha pembe aliyoshika.