Mguu wa Mwalimu Breki

Mwalimu Breki alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi. Alifundisha udereva katika shule ya magari pale njia panda, kazi aliyoianza akiwa bado na nywele utosini, na gari lake lilikuwa na breki mbili: moja ya anayejifunza, kama gari lolote, na nyingine upande wa abiria, chini ya mguu wake yeye. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Maneno ya kufundisha, tazama kioo, achia klachi taratibu, mtu yeyote anaweza kuyasema. Lakini kushinda mchana kutwa mguu umening'inia juu ya breki, kando ya mtu asiyejua anachokifanya na anakifanya kwa haraka, hiyo ni kazi inayotaka moyo wa jiwe. Wake ulikuwa wa nyama kama wetu.

Mimi gari lile nililipanda mara moja tu, kiti cha nyuma, walinichukua njiani nikienda kutibiwa jicho. Aliyeshika usukani alikuwa mwanafunzi. Nilipofika hospitali jicho lilikuwa limeshapona lenyewe.

Uchovu wake haukuja kwa kishindo. Ulianza kwa kukaa. Jioni alirudi kwa miguu, akafika kwenye ngazi ya mlango wake, akaketi. Viatu hakuvivua. Mkewe, tuliyemwita Mama Pacha kwa sababu ya wale mabinti zake wawili, alichungulia dirishani.

"Ingia ndani, Baba Pacha. Au kuna mgeni unamsubiri?"

"Naingia."

Na haingii. Ukipita ukimsalimia aliitikia salamu kamili, habari za nyumbani na za afya yote, lakini macho yalibaki barabarani, kama vile kuna mtu anakata kona vibaya.

Kisha ukaja mguu. Wakiwa mezani wanakula, binti mmoja akisukuma kikombe karibu na ukingo, mguu wa kulia wa baba yake ulikanyaga sakafu, puu! Mabinti waliona ni mchezo. Wakawa wanasogeza vikombe makusudi ili wausikie mguu. Mpaka siku moja ukakanyaga kwa nguvu, meza ikaruka, mchuzi ukamwagika, naye akainuka akatoka. Toka hapo hakuna aliyecheka.

Mama Pacha naye alikuwa na lake. Alikuwa mwanamke wa mipango: leo kupangisha chumba cha uani, kesho kufuga kuku. Kila alipoanza kueleza, alisikia sakafu.

"Nikifungua mdomo tu, unafunga breki," alimwambia, na ukuta wetu ni mwembamba, sikuhitaji kutega sikio. "Mimi si mwanafunzi wako."

"Si mimi. Ni mguu."

"Basi niitie mguu nizungumze nao."

Daktari alimpima akasema ugonjwa haupo, huyu amechoka tu, na mtu aliyechoka namna hii hupumzika au hubadilisha kazi. Alirudi na maneno hayo kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenziwe. Kupumzika alikuelewa. Kubadilisha kazi, hapana. Aliniuliza akiwa upande wa pili wa ua: "Mzee wangu, nani anaanza kazi mpya na mvi?" Nikamjibu kwamba mvi zenyewe zilianza kazi bila kuomba ruhusa. Alitabasamu kidogo, kwa adabu.

Sasa Mama Pacha alikuwa na kaka yake, fundi wa makochi, mwenye karakana nyuma ya soko. Kijana aliyemshonea vitambaa alikuwa amehama, cherehani imekaa bure.

"Shemeji, njoo," alisema fundi. "Makochi hayana haraka. Umewahi kusikia kochi limegonga mtu?"

Bosi wa shule ya magari akampa likizo ya wiki mbili. "Nenda ukatulie. Ukirudi, uniambie neno moja tu: upo au haupo. Wanaokitaka kiti hicho ni wengi."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Akisema hayupo na makochi yakamshinda, hana pa kurudi.

Siku ya kwanza karakanani walimkalisha kwenye cherehani ya umeme, ile kubwa ya kushonea kitambaa kizito. Mguu chini kwenye kikanyagio, mikono juu inaongoza kitambaa. Mwanzoni alikwenda vizuri. Mtu aliyewafundisha watu kufuata mstari wa barabara hashindwi na mstari wa chaki. Kisha akaona kidole chake kinaisogelea sindano. Mguu ukafanya ulichokifanya miaka yote. Ukakanyaga kwa nguvu zote.

Cherehani ikanguruma. Ikamaliza mstari, ikamaliza kitambaa, ikadaka mkono wa shati lake, ikaushona pamoja na mto wa kochi. Kidole kilipona, usiniulize vipi.

Karakana nzima ilisimama. Seremala aliyekuwa akigonga fremu kule pembeni, mtu mwenye mdomo, aliweka nyundo chini.

"Jamani, mwalimu kajishona!"

"Msicheke, mleteeni mkasi," alisema shemeji, naye anacheka.

"Mkasi wa nini? Mteja akija tumuuzie vyote viwili. Kochi na mwenye kulikalia!"

Shemeji alimkata uzi taratibu. "Shem, sikiliza. Huku breki hakuna. Ukikanyaga, inakwenda. Ukitaka isimame, ondoa mguu."

"Niondoe mguu?"

"Ondoa tu. Itasimama yenyewe."

Mwalimu Breki alikitazama kile kikanyagio kama mtu aliyetukanwa. Umri wake wote wa kazi, mguu ukiondoka ndipo watu wanapokufa.

Siku ya pili alivunja sindano. Ya tatu akavunja nyingine, na seremala akawa na wimbo wake wa asubuhi: "Kunjeni mikono ya mashati, mwalimu anaingia barabarani!" Alikuwa karibu kuacha, alinieleza mwenyewe. Lakini nyumbani hakutaka kuonekana ameshindwa na kitu kisicho na matairi. Akaendelea. Kila hofu ilipokuja alijisemea kwa sauti, "Achia, achia," neno lilelile alilowaambia wanafunzi kuhusu klachi, na wenzake wakazoea kumsikia akizungumza na unyayo wake.

Wiki ya pili mguu ukaanza kuelewa. Alishona kifuniko cha kochi zima, na pindo zake, na seremala akauacha wimbo wake. Nyumbani alivua viatu mlangoni. Jioni moja kikombe kikasogea ukingoni, kwa bahati mbaya safari hii, kikaanguka, kikavunjika vipande. Mabinti wakatazamana. Sakafu ilikuwa kimya.

"Fagieni," alisema baba yao, akaendelea kula.

Ungedhani basi, yamekwisha. Hapana. Likizo ilipokwisha alirudi kwa bosi akamwambia yupo. Mshahara wa shule aliujua, wa makochi ulikuja kwa kubahatisha. Akapanga afundishe siku za kazi, na mwisho wa wiki akashone.

"Mshika mbili moja humponyoka, Baba Pacha," alisema mkewe.

"Zote ni kukanyaga. Mguu ni huohuo."

Mwanafunzi wake wa kwanza siku hiyo alikuwa mkunga mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha wodi, aliyeshindwa mtihani wa barabarani mara mbili kwa sababu akimwona askari mwenye karatasi, gari linamzimikia.

"Mwalimu, leo usiniguse breki," alisema akifunga mkanda. "Nimezalisha mtaa mzima, na hakuna aliyenikalia pembeni akanikanyagia."

"Sawa, mama. Tazama kioo."

Walishuka ile barabara ya mteremko inayotoka hospitali. Kando kulikuwa na malori yameegeshwa. Kati ya lori na lori akatokea mtu na baiskeli, kreti za soda zimepangwa nyuma mpaka usawa wa kichwa. Mwalimu alimwona kabla ya mkunga. Ndiyo kazi yake, kuona kabla. Mguu ukainuka. Ukakaa huko juu.

"Uliniuliza," aliniambia baadaye. "Mzee wangu, mguu wangu mwenyewe uliniuliza: nikanyage au niondoe?"

Kabla hajaujibu, gari lilikuwa limesimama. Mkunga alikuwa amekanyaga mwenyewe, sawasawa, bila kulizima. Yule wa baiskeli akavuka akipiga mluzi, wala hakugeuka.

"Umeona!" mkunga alipiga usukani kwa kiganja. "Umeona mwalimu! Hukunigusa! Leo umeniamini!"

Mwalimu Breki alikuwa ameshika magoti yake. Angeweza kumwambia. Lakini kusimama kule kulikuwa kwa mama yule, amekupata kwa jasho lake, akaona si vema kumnyang'anya.

"Vizuri sana, mama," alisema. "Weka gia ya kwanza, twende."

Walipofika shuleni aliingia kwa bosi, akaweka funguo mezani.

"Si umeniambia asubuhi upo?"

"Sipo."

"Umechoka tena?"

"Kuchoka nilichoka zamani. Leo nimekuwa hatari."

Bosi alizitazama funguo. "Shemeji yako anakulipa kunizidi?"

"Ananilipa pungufu."

"Sasa akili zako ziko wapi?"

"Ziko mguuni," alisema Mwalimu Breki, na akatoka akaenda karakanani kwa miguu, mchana kweupe.

Sitakudanganya kwamba ametajirika. Vumbi la sponji linampa kikohozi, na ipo miezi wateja hawaonekani, Mama Pacha akauza kuku kabla hawajafikisha uzito. Maana kuku alifuga hatimaye. Aliposema safari hiyo hakuna aliyekanyaga sakafu. Mkunga alipata leseni. Kila akipita nyuma ya soko hupiga honi ndefu, na seremala huruka, akalaani shule zote za udereva.

Nami kochi langu lilichakaa, nikapeleka likavalishwa upya. Siku ya kulirudisha, shemeji alilipakia kwenye pikapu yake, akashika usukani, Mwalimu Breki akakaa kiti cha abiria. Mimi nikakaa nyuma juu ya kochi langu, kama mheshimiwa. Yule shemeji ni fundi mzuri wa makochi, lakini huendesha kama anayekimbiza mwizi. Kila kona nilikumbatia mto. Penye makutano tulikoswa na basi kwa upana wa mkono. Nilifumba macho, na mguu wangu, mimi nisiyejua hata kuwasha gari, ukakanyaga bodi la pikapu.

Nilipofumbua macho niligeuka kwenye dirisha la kioo lililo nyuma ya dereva nimwone Mwalimu amekuwaje. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea mlango, mdomo wazi. Amelala.

Nikainua mkono nigonge kioo, aamke ajue tumenusurika. Nikaushusha.

Nyumbani tulimsubiri kidogo ashuke. Alikuwa ameinama, anapapasa chini ya kiti, anatafuta viatu vyake.