Hapa Ndio kwa Nerima?

Wacha niseme ukweli mapema kabla sijaanza kujitetea: kosa ni langu. Nerima hakunikosea. Mimi Achola, mwenye hoteli hapa Free Area, Nakuru, ndiye niliyemfukuza, tena mbele ya wateja, kwa mdomo wangu huu.

Nerima alikuja miaka kumi na miwili iliyopita kuniomba kazi ya kuosha vyombo. Babake alikuwa ametumikia reli mpaka magoti yakaisha, na yeye ndiye aliyebaki kulisha nyumba. Wiki ya pili mpishi wangu akakosa kuja. Nerima akafunga leso kiunoni bila kuulizwa, akashika mwiko. Siku hiyo watu waliitisha ugali saucer, ule wa nyongeza, mpaka unga ukaisha, na tangu hapo sikutafuta mpishi mwingine.

Hakuwa malaika, jameni. Alikuwa na kiburi. Ukimharakisha anakujibu, "Mama Quincy, kama una haraka si ule mkate?" Na alikuwa na tabia moja iliyonikera sana: hakuna sahani ingeoshwa kabla yeye hajaitazama. Anasimama pale karai, anachungulia mabaki, kisha jioni ananiletea habari. Leo mboga imeachwa, chumvi ilizidi. Yule mzee wa pembeni amekula nusu, muulize kama ni mgonjwa. Mimi nasikiliza, kesho tunarekebisha. Hivyo ndivyo hoteli ilivyosimama.

Halafu mwanangu Quincy akaja likizo kutoka Nairobi. Akaniambia, "Mathe, siku hizi jina la biashara linalindwa mtandaoni." Tukachora bango jipya, Central Rift Delight, kwa rangi ya dhahabu. Akaniwekea kitu kwa simu: mtu yeyote akiandika Central Rift Delight mahali popote, simu inalia ting! na kunionyesha alichosema. Haki nilifurahi. Nilijiona mwenye hoteli kamili.

Mwezi wa kwanza ililia mara tatu. Mbili ni akina mama wa kanisa, wakisifu. Moja ni Quincy mwenyewe. Baada ya hapo, kimya. Nikasema, sawa, hakuna anayelalamika.

Wakati huohuo nilikuwa nimechoka kuamka alfajiri kwenda kuchagua samaki. Ulikuwa uvivu tu, sina jina lingine la kuuita. Nikaanza kuletewa wa barafu. Haikupita wiki mbili Nerima akaja na sahani mkononi. "Mama Quincy, angalia. Wameonja, wameacha. Tangu Jumatatu ni hivi. Watu wanasema."

"Wanasema wapi?" nikamuuliza. "Mbona simu yangu haijalia?"

"Simu inakula samaki?"

Wateja wakacheka. Woi, kile kicheko kilinichoma. Nikamwambia anaharibu jina langu kwa wivu, kwamba bango limeandikwa Delight wala halikuandikwa Nerima, kwamba wapishi wamejaa Nakuru nzima. Nerima alivua aproni, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya meza ya tatu. Kisha akarudi jikoni kuzima moto chini ya maharagwe yasiungue, ndipo akaondoka.

Simu ilinyamaza. Viti navyo vikaanza kubaki wazi, nami kila asubuhi naishika ile simu, naiangalia, hakuna kitu. Nikalaumu barabara, nikalaumu mvua.

Miezi minne baadaye dereva mmoja wa lori la viazi kutoka Kuresoi, jina lake Kipkemei, akasimama mlangoni chini ya lile bango la dhahabu. "Niaje mathe. Hapa ndio kwa Nerima?"

"Hapa ni Central Rift Delight," nikamwambia.

Akatazama juu, akatazama simu yake. "Hapana, mimi natafuta kwa Nerima. Kila mtu amenionyesha hapa."

Akaenda zake. Nikakaa chini, nikaandika kwenye simu kwa mkono wangu: kwa Nerima, Free Area. Ilitoka orodha ndefu ya miaka na miaka. Ukipita Nakuru usikose kwa Nerima. Nimekula kwa Nerima nikakumbuka nyumbani. Halafu za karibuni: Samaki wa kwa Nerima siku hizi ni mpira, kuna shida gani? Na ya mwisho kabisa: Kwa Nerima hakuna tena Nerima. Msijisumbue.

Wote waliniambia. Waliniambia mapema, nikiwa bado naweza kurekebisha. Ni vile tu hakuna hata mmoja aliyejua kwamba hoteli yangu inaitwa Delight. Nililia, sitaficha.

Jumapili iliyofuata nikaenda Sachangwan, maana nilisikia Nerima anapikia madereva huko kando ya barabara. Nilitaka kitu kimoja tu, arudi. Nilimkuta akigeuza chapati, leso kiunoni. Aliponiona hakushtuka.

"Karibu, mathe. Utakula nini?"

Mathe. Miaka kumi na miwili nilikuwa Mama Quincy, sasa naitwa kama mpita njia yeyote.

Nikamwambia, "Nerima, nimekosa. Rudi nyumbani. Hata bango nitaandika jina lako."

"Nimesikia," akasema. "Kula kwanza."

Nikala samaki na mboga ya mrenda, machozi yananidondokea kwenye ugali. Nikamaliza kila kitu, nikapangusa sahani kwa tonge la mwisho ili aone. Alikuja, akaichukua, akaichungulia pande zote kama zamani.

"Chumvi iko sawa," akasema, akamgeukia dereva aliyekuwa nyuma yangu na kumuuliza anataka nini.