Safari ya Kihanga Kumtazama Mpelelezi

Tuliondoka Mabira kwa sababu Mama alikosa usingizi. Kiangazi kilichotangulia gari la sinema lilifika kwetu, tukamwona Mwingereza mmoja mpelelezi akipigwa risasi mwishoni.

"Najua ni mchezo," Mama alishikilia. "Lakini wacheza ngoma wetu wakimaliza huja kusalimia watu. Huyu mbona hakuja? Si ameumia kweli?"

Tulimbishia mpaka tukachoka. Kaka yangu Petro alikwenda vitani hakurudi, na miaka yote Mama alikataa aombewe misa ya marehemu, eti nani alimwona akifa. Baba alifariki akiingoja misa hiyo.

Tuliposikia gari liko Kihanga, nikampakia Mama kwenye baiskeli. Penye mlima nilisukuma, naye yuko juu ananikosoa.

Bweranyange tulilala kwa shangazi Paulina. Alitupa matoke kwa maharage, na maziwa tele, huku akimtania: "Wifi, Mzungu mwenyewe hata hakujui!" Asubuhi alitufungia chakula cha njiani. Mungu ambariki shangazi yule.

Kihanga tulifika jua linatua. Mwendesha sinema, Bwana Anselimu, alikuwa anatundika shuka jeupe. Nikamweleza shida yetu. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru.

"Shikamoo, mama," alisema. "Yule yu hai. Alianza jukwaani angali kijana, akacheza mtumishi, akacheza askari, sasa anazeeka na upelelezi. Kazini amekufa mara nyingi, jioni anarudi kwake. Kaa mbele umwone."

Giza lilipoingia akatokea katika picha nyingine, ana mvi na kitambi. Mwisho wa picha alivua kofia, akainamisha kichwa upande wetu.

"Marhaba," Mama akamjibu kwa sauti. Watu wakageuka kututazama. Sikuona haya hata kidogo, nilifurahi.

Tukirudi, Mama aliegemea mgongo wangu. Mimi nilidhani amechoka. Kumbe mtu aliyezoea kungoja humwachishi kwa maneno, mpaka aone mwenyewe. Hilo nilijifunza karibu na nyumbani, aliponishika bega nisimame.

"Aliyepona amekuja kusalimia," alisema. "Petro angepona, angekuja."

Akashuka, akaweka sawa kanga yake.

"Wewe tangulia kwa padri. Mwambie ni misa ya marehemu. Nami nakuja kwa miguu."