Miale Minne ya Timu ya Katonga

Rozalia ana cherehani sokoni Mwanga, na kwa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa akidarizi nembo ya timu ya mpira ya Katonga, mtaa wa wavuvi. Aliibuni mwenyewe: karabai ya wavuvi wa dagaa, inatoa miale minne. Kila mwale ni mtu. Wachezaji wanne wa timu walikufa maji mtumbwi wao ulipopinduliwa na dhoruba, na mmoja wao alikuwa mdogo wake, Thobias.

Mwezi wa tatu katibu wa timu alimletea jezi mpya na karatasi yenye picha ya kichwa cha simba.

"Mkutano umepitisha," akasema. "Vijana wanataniwa kila wanakokwenda. Wanaitwa timu ya taa."

Rozalia alifunga kibanda, akapanda bodaboda hadi Katonga. Alimkuta mwenyekiti, Telesphory, mwaloni, ufukweni, anageuza dagaa walioanikwa kwenye chanja.

"Kaka, mmewafuta wale watu," akamwambia. "Hata kuniuliza?"

Telesphory aligeuza dagaa wengine. Siku ile ya dhoruba yeye alikuwa mtu wa tano mtumbwini, na ndiye pekee aliyefika nchi kavu. Katonga nzima inajua, ila jambo hilo halisemwi mbele yake.

"Hoja ya simba niliileta mimi," akasema. "Vijana nimewasingizia tu. Kila Jumapili jezi zinapita mbele yangu, nami nahesabu miale. Dada Roza, Thobias alinishika shati. Nikambandua vidole. Tungezama wote."

Rozalia alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yalimpotea. Alitaka kumchukia, akamwona anageuza tena dagaa wale wale aliokwisha kuwageuza, akashindwa hata hilo.

"Ungeniambia zamani."

"Ingesaidia nini?"

Rozalia akatafuta bodaboda. Alirudi Mwanga, na kesho yake akaanza kushona simba. Kukataa kungezua mkutano mwingine, na hapo ingebidi aseme kwa nini Telesphory hataki kuiona ile miale; hilo asingeweza kulitamka.

Siku ya tatu mama yake, Leonia, alipita kibandani akitoka kununua mihogo. Akainua jezi moja, akaitazama mbele na nyuma.

"Na kina Thobias mmewaweka wapi?"

"Mkutano umeamua, mama."

"Telesphory alikuwepo? Yule asingekubali. Alimpenda sana mwanangu."

"Alikuwepo," Rozalia akasema.

Mama alisimama akisubiri aambiwe zaidi. Rozalia akavuta jezi nyingine.