Doti Moja, Majina Mawili

Kompyuta yangu haina hata kitu kimoja cha kununua ndani yake, na jambo hilo limenitia aibu mbele ya watu kuliko maovu yangu yote. Nina duka dogo Wete, Pemba: natoa kopi, naandika barua za watu, nachora kadi za harusi. Zamani nilitumia programu za wizi kama wenzangu, mpaka siku flashi ya mteja iliponiachia virusi na kadi za harusi tatu zikapotea kwa mpigo. Ndipo mwalimu mmoja wa kompyuta akaniwekea mfumo wa Linux, na juu yake Inkscape ya kuchorea na GIMP ya kurekebishia picha. Vyote vya bure, vya halali, na ukitaka kuona vilivyoundwa kwa ndani unaruhusiwa kufungua ukatazama. Mimi nilifungua mara moja, nikafunga haraka.

Sasa mwambie Mpemba kitu ni cha bure. Mteja mmoja nilipomwambia, alichomoa flashi yake taratibu kama mtu aliyekaribishwa samaki aliyelala. Mwengine akaninong'oneza, "Watu hawatoi hivihivi, wana lao hao." Mimi si mpole, nasema kweli. Nilikuwa nikiwajibu kwa sauti ya kusikika msikitini: hewa unayovuta unamlipa nani?

Aliyenielewa ni Mama Mkubwa, dada yake marehemu mama yangu. Alikuja kutaka nimchoree kanga ya sare kwa ajili ya harusi ya binti yake. Akakaa kwenye benchi langu, akanitazama ninavyochora vikonyo vya karafuu kwenye pindo.

"Hao walotengeneza kitu kino, wanalipwa na nani?"

"Wengi hawalipwi, Mama. Wanatengeneza, wanawapa watu."

"Wanawajua hao watu?"

"Hawawajui."

Akafikiri. "Basi hino sadaka jaria, thawabu yake haikatiki. Mwenyezi Mungu awarehemu."

"Hawajafa, Mama."

"Basi awape afya. Chora."

Kanga bila jina, yale maneno yake ya pindoni, ni shuka tu, na jina la kanga ya harusi kwetu halisemwi mpaka kanga yenyewe ifunguliwe. Dukani tulikuwa mimi, yeye na paka, lakini Mama Mkubwa aliniinamia sikioni. Jina lake lilikuwa ULIONDOKA MWENYEWE SIKUKUFUKUZA.

"Liandike kubwa," akasema. "Lisomeke kwa mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Gando."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Gando ndiko anakoishi Mama Mdogo, mdogo wao wa mwisho. Ndugu hao wawili walikaa nyumba moja miaka mingi, mpaka sufuria kubwa la pilau la Mama Mkubwa lilipokwenda shughulini mikononi mwa Mama Mdogo na kurudi bila mfuniko. Mmoja alisema mfuniko umepotezwa. Wa pili alisema sufuria lile tangu lizaliwe halijawahi kuwa na mfuniko. Maneno yakazaa maneno, Mama Mdogo akafunga vyake akaenda zake, na huu ulikuwa mwaka wa pili hawasalimiani. Watu wazima, wenye wajukuu.

Ningeyacheka tu mambo yao, kama si bibi harusi. Mama Mdogo ndiye aliyemlea binti yule, na hakuna Wete nzima anayepaka hina kama Mama Mdogo. Siku moja kabla hajawekwa ndani kungoja harusi, binti alipita dukani, akanitandazia viganja vyake juu ya meza.

"Mie sipakwi hina na mtu mwengine," akaniambia. "Asipokuja yeye, ntatoka na mikono hino hino mitupu. Mama nshamwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema mikono mitupu haijaua mtu."

Alikuwa anatabasamu, lakini viganja hakuviondoa mezani. Nilimwonea huruma sana, na nikawakasirikia wazee wangu wote wawili.

Wiki haikupita, Mama Mdogo naye akaingia, ushungi umemfunika mpaka puani utadhani duka langu linauza pombe. Nikamwamkia, akaniitikia bila kufunua uso.

"Nasikia yule anatengeneza kanga."

"Yupi, Mama?"

"Wamjua. Harusini mie siendi, sikuitwa. Lakini wanawake wa Gando wamealikwa. Wao watakwenda, na kanga yangu itakwenda nao."

Akakaa kwenye benchi lile lile, akafikiri muda mrefu, kisha akanipa jina lake: UNGENIITA NINGERUDI.

"Maneno makali?" akaniuliza.

"Makali, Mama," nikasema, maana sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nahesabu kazi.

Kiwanda cha Dar nilichokuwa nakitumia hakipokei oda ndogo, na oda ya kila mmoja peke yake ilikuwa ndogo. Rangi walikuwa wamechagua ile ile, zambarau, bila kuambizana. Basi nikajitia akili: pindo moja, karafuu zile zile, majina mawili, oda moja. Inkscape hukuruhusu kuweka kurasa kadhaa ndani ya faili moja. Ukurasa wa kwanza nikaweka jina la Mama Mkubwa, wa pili la Mama Mdogo, nikiwa na maana kwamba nusu ya mzigo ichapwe kwa ule wa kwanza na nusu kwa ule wa pili. Nikatuma. Sikuandika hata mstari mmoja wa maelezo, kwa sababu nilishajiona fundi, na fundi haelezi.

Mzigo ukafika siku tatu kabla ya harusi. Nikafungua doti ya kwanza, nikaona jina la Mama Mkubwa, limekaa vizuri, linasomeka mpaka Gando. Nikaikunjua mpaka mwisho. Kipande cha pili kilikuwa na jina la Mama Mdogo. Nikafungua ya pili, hivyo hivyo. Zote hivyo hivyo.

Kiwanda hakikukosea. Doti ni kanga mbili zilizoungana: unakata katikati, unapinda, moja unajifunga na moja unajitanda. Wale waliona kurasa mbili, wakachapa vipande viwili. Mimi niliyezaliwa nikapokelewa kwa kanga, nikabebwa kwa kanga, ndiye niliyesahau kwamba kanga huenda mbili mbili. Nilimkasirikia kila mtu. Niliikasirikia kompyuta, nikaikasirikia Linux, nikaikasirikia sadaka jaria yote na waliotoa. Nikawaza wageni wanaingia harusini, kiunoni dada anasuta, kichwani mwenzake anajibu.

Dawa ilikuwepo, nayo ni mkasi. Nikikata doti zote katikati, naweza kuzipatanisha upya, jina kwa jina lake, na hakuna atakayejua. Nilishakata tatu Mama Mkubwa alipobisha hodi. Sikupata pa kuuficha mzigo, nikaukalia.

"Inuka," akasema.

"Mama, bado hazija—"

"Inuka, mwanangu."

Nikainuka. Akachukua doti ambayo haijakatwa, akaitandaza mezani, akasoma jina lake kwa kidole, herufi baada ya herufi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole kikaendelea mpaka kipande cha pili. Akasoma. Akarudi mwanzo, akasoma yote mawili kwa mfuatano, polepole, na mimi ndipo nikayasikia kwa mara ya kwanza. *Uliondoka mwenyewe, sikukufukuza. Ungeniita, ningerudi.*

"Hili la nani?"

"La Mama Mdogo."

"Aliliona langu?"

"Hakuliona. Wallahi."

"Kalitunga wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa wewe."

Mama Mkubwa akalitazama benchi. Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanga, akaivaa, akaivua tena. "Mie nikidhani atanitukana," akasema. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la kanga mpya.

"Weka mkasi chini," akaniambia. "Nipigie Gando."

Alizungumza kwa sauti kubwa kana kwamba mtandao haupo na sauti inakwenda kwa miguu. "Ni mie. Siku ile sikukuita. Sasa nakuita. Mtoto mikono mitupu." Kisha akanirudishia simu bila kungoja jibu, kwa kuwa alikuwa bado na kiburi chake.

Zile doti tatu nilizokata nilizioanisha tena kama zilivyokuwa, na zote zikavaliwa zikiwa na majina yale mawili. Wanawake mpaka leo wananiomba lile faili. Nawapa bure, na hakuna tena anayeniuliza nina langu gani.

Lakini Mama Mdogo hakungoja siku ya harusi. Alasiri ile ile ya simu, nami nikiwa nimepeleka mzigo, aliingia uani kwa Mama Mkubwa, mkononi mfuko wa hina, kwapani mfuniko wa sufuria. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakasogea kumpisha. Mama Mkubwa akaupokea ule mfuniko, akauzungusha, akaliendea sufuria lake.

Kazi yangu ni kupima, na jicho langu halihitaji rula. Mfuniko ule ulikuwa mdogo kwa kiganja kizima. Mama Mkubwa aliuweka juu ya sufuria, ukapita moja kwa moja, ukatua chini kwa kishindo. Akainama, akauangalia kule ndani.

"Ndo wenyewe," akasema.

Mama Mdogo akavua viatu, akaingia ndani kwa bibi harusi.