Jua la Pembeni

Mombasa ukimwambia mtu kwamba kazi yako inahusu mwezi, atakuuliza Idi itakuwa lini. Nimechoka kueleza. Mimi hutengeneza filamu kwa kompyuta, chumbani kwangu Mji wa Kale, kwa kampuni iliyo ng'ambo. Mwaka mmoja walinipa kazi ya chombo cha angani kisicho na mtu ndani, kilichopelekwa kuuzunguka mwezi na kuuchorea ramani. Hakuna aliyekipiga picha kikiwa kazini. Nani angekuwa huko wa kukipiga? Basi sisi tulikaa na vipimo kilivyoleta, tukatengeneza picha za kumwonyesha mtazamaji namna kilivyokwenda na yale kiliyoyaona.

Shangazi nilimweleza hivi: chombo kinapita kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini, na mwezi unajigeuza polepole chini yake, kwa hiyo kila mzunguko kinapata ukanda mpya. Kanda zile zikiungwa ubavu kwa ubavu, kama ukili unavyoshonwa kuwa mkeka, mwezi mzima umeupata. Alielewa mara moja, kisha akauliza kama hakichoki.

Huyu Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Ndui ilimpata akiwa mdogo, ikamwacha hai, na uso wake ikauacha umejaa vishimo kuanzia kipajini hadi kidevuni. Alipokuwa msichana ililetwa posa. Wanawake wa upande wa mume wakaja kumwangalia, wakanywa sharubati, wakaaga kwa adabu zote. Juma lililofuata posa ikaja tena, safari hii ya mdogo wake, na nyumbani wakaikubali. Mdogo wake leo ana wajukuu. Shangazi ana mimi na kofia anazoshona. Hata kwenye shughuli za wanawake watupu, ambako kila mtu huvua buibui na kujionyesha, hakuwa akienda.

Sasa mwaka ule binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa, na alikuja mwenyewe kumwomba Shangazi akae mbele siku ya kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake, pale wanapokaa wakubwa wake. Shangazi akasema atakwenda. Nilidhani sikusikia vizuri. Jioni ile nilimsikia akiimba jikoni, na mimi nilifurahi kama mjinga.

Siku hizo hizo bosi wangu akaniandikia kwamba filamu inapendeza, ila mwezi unaonekana bapa, nilishushe jua. Jua likiupiga mwezi usoni moja kwa moja, mashimo yote hupotea. Likiupiga kwa pembeni, kila shimo, hata lile dogo kabisa, hupata kivuli chake na kujitokeza. Nikalishusha jua. Nilipotazama kilichotokea kwenye kioo cha kompyuta, nikafahamu kwa nini Shangazi, miaka yote, akishona hukaa akilielekea dirisha, wala hakai dirisha likiwa ubavuni mwake. Nimeishi naye tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo. Iliniuma sana.

Nikakasirika pia na waimbaji wetu wa harusini. Kila bibi harusi ana uso kama mwezi! Wanausifu mwezi mpevu, ule unaopigwa na jua usoni hadi ukalainika. Wakiupata kwa karibu wataurudisha kwao.

Juma moja kabla ya harusi tulikusanyika nyumbani kwa kaka, Bondeni, sisi wanawake watupu, kuchagua mchele wa pilau. Filamu ilikuwa imeshatolewa, na wasichana wakang'ang'ania niiweke kwenye televisheni. Shangazi alifika tumeshaketi. Akavua buibui na nikabu, akatafuta pa kukaa, na nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye mkeka wa kando, dirisha likiwa kulia kwake. Jua la alasiri lilikuwa linaingia lote. Nilitaka kumhamisha, lakini ningemhamisha kwa sababu gani mbele ya watu? Akajivutia sinia, akaanza kuchagua mchele.

Kwenye televisheni chombo kikapita juu ya ncha, na mwezi ukajaa kioo chote, mashimo kwa vivuli vyake. Wifi yangu, mke wa kaka, mamake bibi harusi, ana ulimi usio na breki.

"Ala! Ndio mwezi huno?" akasema. "Kumbe siku zote tunao hapa nyumbani, twaufuatia n'ni huko ng'ambo?"

Wote wakageuka kumtazama Shangazi. Kisha wakacheka, wengine wakijiziba kwa leso ili wasisikike sana, na hao ndio walionichoma zaidi. Bibi harusi, aliyekwenda mwenyewe kumwomba, akainamia mchele wake kana kwamba una maandishi.

"Wifi, koma," nikasema.

"Utani tu, wifi! Mbona wakasirika wewe, na mwenyewe acheka?"

Kweli Shangazi alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka huku kiganja kikiwa juu ya shavu la kulia. Alimaliza sinia yake yote kwa mkono mmoja, hakuharakisha, akaaga mmoja mmoja. Njiani hadi nyumbani tulizungumza habari ya bei ya samaki.

Siku ya kupamba nikaenda kumchukua chumbani kwake. Alikuwa tayari, gauni jipya na viatu vya kisigino kifupi, ameketi ukingoni mwa kitanda akiuangalia mlango. Hakuinuka. Nikaona nimtie moyo. Nikafungua simu, nikamsomea waliyoandika watu walioitazama filamu, watu wa nchi ambazo sitafika: kwamba hawajapata kuona kitu kizuri kama kile, kwamba vivuli vile vimewatoa machozi.

"Waona, Shangazi? Ni mashimo yale yale, na wasema ni mzuri."

Alinitazama kwa huruma, mimi mtu mzima na simu yangu mkononi.

"Mwanangu," akasema, "wasema ni mzuri kwa kuwa hakuna alowambia wauoe."

Kisha akainama, akaanza kuvua viatu.